Ndovu Asiye Wetu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepiga deki mapema. Maji yamekatika nikiwa katikati ya sebule, nikamalizia kwa yale ya mtungi. Mama yuko kanisani, mazoezi ya kwaya. Nimeanza kuandaa maelezo ya safari ya Jumamosi: ziwa la kale, mashoka ya mawe, mifupa ya ndovu. Kampuni inayoniita kuongoza wageni imenipa kikundi nisichokitarajia. Ni akina mama wa kanisa letu hapa Lucky Summer, na mwenyekiti wao ni Mama yangu.

Sijafurahi. Wageni wa kawaida hawajui nilivyokuwa nikilia shuleni.

Baba mdogo Jotham amepiga simu tena kutoka Vihiga. Ukoo unataka jambo la Elphas liishe mwezi huu. Nimesema nitafikiria. Nimekuwa nikisema hivyo tangu Pasaka.

Jumanne, 5 Agosti

Niandike wazi, huenda kichwa kikatulia.

Ndugu yangu Elphas alipotea mwaka jana, Mathare, alipokwenda kumsaidia rafiki yake kuhamisha vitu mvua ilipozidi. Mto ulifurika. Rafiki alivutwa kwa kamba. Anasema alimwona Elphas akipita na maji, kisha hakumwona tena. Tulizunguka hospitali zote na vyumba vya maiti. Hakuna mwili. Hakuna hata shati.

Kwetu, mtu asiyepatikana huzikwa kwa mgomba. Shina hukatwa, likalazwa kaburini mahali pake, likaliliwa kama mtu. Wazee wanasema bila hivyo nyumba haitatulia. Mama amesema uamuzi ni wangu: mimi ndiye kifungua mimba, mimi ndiye niliyesoma. Nami nimekataa. Sikujifunza jiolojia miaka yote ile ili nizike mtu kwa kukisia.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Naiona imara ninapoiandika. Ninapoisema kwa sauti hulegea.

Alhamisi, 7 Agosti

Gikomba. Nimemtafuta tena yule mtu wa mkokoteni anayedai alimwona Elphas wiki kadhaa baada ya mafuriko, upande wa maseremala, amebeba bunda la mitumba. Hajabadilisha neno.

“Siste, nakushow ni yeye. Hiyo mgongo naijua.”

Mgongo. Uso ulikuwa chini ya bunda. Alimwita, hakugeuka.

Nilimwamini nikiwa nimesimama pale, watu wakinipigia kelele nipishe mizigo. Njiani sikumwamini. Nilipofika mlangoni nikamwamini tena. Mama ameuliza nilikuwa wapi. Nimesema sokoni.

Nina hasira naye kwa kunibebesha jambo hili. Nina hasira zaidi kwamba hasemi yeye anataka nini.

Ijumaa, 8 Agosti

Siwezi kukaa. Nimefua mapazia yaliyokuwa safi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudi. Mguu wa kushoto una mwiba ambao sijaupata.

Tuliondoka asubuhi kwa basi la kukodi. Dereva, kijana wa mtaa wa Baba Dogo, alinicheka: “Madam, leo umeletewa mamathe wote wa mtaa. Ukikosea tarehe za mawe watakuombea.” Walianza pambio kabla hatujatoka mtaani. Walinyamaza baada ya Ngong, barabara ilipoteremka na bonde likafunguka lote kwa mpigo.

Nchi ile imeliwa na maji na upepo. Makorongo makavu, vilima vyeupe kama unga uliomwagika, miiba, joto linalotoka chini. Mimi huipenda. Mama Truphena, rafiki mkubwa wa Mama, alishuka akaitazama, mikono kiunoni.

“Hapa Mungu aliumba siku ya sita jioni, amechoka.”

Kisha akauliza dinosa yuko wapi, maana mjukuu wake anangoja picha. Nilieleza kwamba mifupa ya dinosa iko mbali, kaskazini huko Turkana, ndani ya mawe ya kale kuliko haya.

“Yaani tumetoka Lucky Summer kuja kuona ndovu? Si yuko mbugani, tena na nyama yake!”

Wote walicheka. Hata mimi. Kwa saa moja hivi nilikuwa mwongozaji mzuri.

Tukafika kwenye kibanda. Mifupa imelala palepale ilipofukuliwa, mikubwa, rangi ya chai, mashoka ya mawe yametawanyika kando. Nilieleza jinsi tope la ziwa lilivyoifunika. Niligundua kwamba hakuna anayecheka. Walikuwa wamesimama kwa namna ninayoijua: vichwa vimeinama, mikoba imekumbatiwa, kama watu waliofika matangani.

“Na wakishamfukua, hawakumfunika tena?” Mama Truphena aliuliza kwa sauti ya chini.

Nilisema mifupa huachwa wazi ili watu waione. Jibu hilo halikumpendeza. Aliinama, akachota udongo kiganjani, akaurusha juu ya mifupa. “Haya, mzee, lala.” Wawili wengine wakafanya vivyo hivyo. Sikuwahi kuwazuia. Mlinzi wa mahali pale alikuja mbio: “Mama! Mama, wacha! Hii si kaburi!” Akachukua brashi, akapiga magoti, akaanza kufuta polepole. Niliona aibu. Nilimwomba radhi, kisha nikawaambia akina mama, kwa sauti yangu ya kazini, kwamba udongo wa mahali hapa ndio tunaousoma, kwa hiyo hauguswi.

Ndipo Mama akauliza, mbele ya wote.

“Mwalimu, huyu ndovu, nani alimwona akifa?”

“Hakuna.”

“Sasa mnajuaje?”

Nilijibu ninavyojibu siku zote. Tunatazama tope, tabaka moja juu ya jingine. Dalili zikielekea upande mmoja, tunakubali. Tukingoja shahidi hatutajua lolote.

“Hamngoji shahidi,” alisema. Hakuwa akinikejeli. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia.

Nilisikia nilichokisema nikiwa tayari nashuka ngazi za kibanda.

Kurudi, alikaa nami. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imefungwa tangu tuondoke. Tulipopita Kiserian nilimuuliza ameshika nini. Akaifungua. Udongo ule mweupe, umelowa jasho.

“Nilitaka kumrushia na mimi. Mkono ukakataa. Si wetu huyo.”

Akajipangusa kwenye leso, akageukia dirisha. Niliogopa.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda ibadani. Nimekaa nikipima.

Hoja ya jana haifai kuhamishwa hivi hivi. Ndovu ameacha mifupa; Elphas hakuacha kitu. Kukosekana kwa mwili hakuthibitishi kifo. Hilo bado ni kweli. Lakini nina nini upande wa pili? Mgongo mmoja, chini ya bunda, katika soko lenye migongo elfu. Mwanafunzi akiniletea hilo nitamrudisha kwa upole. Tena Elphas asingeweza kukaa Gikomba mwaka mzima asije kula kwa Mama. Hilo nimelijua muda wote.

Nashuku hata hivyo. Huenda sifuati ushahidi hata sasa. Huenda nafuata ile ngumi.

Mama alirudi, akasonga ugali. Mboga ya mrenda ilikuwa imeshaiva. Nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza: yeye anataka tumzike?

Aliendelea kusonga.

“Nataka mahali pa kwenda,” alisema. “Mama Truphena akimkumbuka marehemu wake, anajua atapalilia wapi.”

Tukala. Alinikatia ugali mkubwa kuliko wangu wa kawaida. Nikaumaliza.

Jumanne, 12 Agosti

Mawingu kutwa, baridi kidogo. Jioni nimempigia Baba mdogo Jotham. Nimemwambia waandae.

Sikusema kwamba Elphas amekufa. Nilisema tuzike. Baba mdogo hakunisumbua kwa tofauti hiyo. Elphas akifungua mlango huu kesho nitakuwa mjinga mwenye furaha kuliko wote Nairobi, na ninaliandika hili nikijua ninavyotamani.

Baba mdogo ameshachagua mgomba, nyuma ya nyumba ya nyanya yetu. Kumbe shina hukatwa kwa urefu wa mtu mwenyewe. Yeye alimwona Elphas mara ya mwisho akiwa bado darasa la nane, kabla hajarefuka.

“Alifika wapi?” akauliza.

Nikasimama. Nikainua kiganja juu ya kichwa changu, ingawa yuko Vihiga na haoni. Nikamwambia ananizidi kichwa kizima.

Mama alikuwa jikoni akiosha vikombe. Hakugeuka.

“Ongeza kidogo,” alisema.

Nikaongeza.