Mluzi Ulioshonwa kwa Mkono

Tarehe 4 Machi

Mwanangu kipenzi,

Nakusalimu kwa sauti kubwa, nadhani hata huko umenisikia. Hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha miaka thelathini ya kuinamia cherehani.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikawasomea wateja. Umenunua gitaa! Na mikao miwili ya vidole tayari unaijua! Eti ni kidogo. Kidogo nini? Mtaa huu nani anaujua hata mmoja? Muuza vitambaa nimemwambia. Shangazi yako nimemwambia mbele ya watu: "Mwanangu atapiga gitaa harusi ya kaka yake, mwezi wa nane." Akacheka. "Wifi, binti anafua mashuka ya hospitali, hilo gitaa analishika saa ngapi?" Nikamwambia atakaa hapo hapo aone.

Kwa hiyo usiniangushe.

Mama yako,
mama wa mpiga gitaa


Tarehe 29 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona, mvuke wa kazini unanisaidia. Nyie wote hamjambo?

Mama, umenimaliza. Ninajua nyimbo mbili, na zote za kubembelezea watoto! Napiga saa ya mapumziko kwenye chumba cha kukaushia. Mashuka meupe yananing'inia karibu yafike sakafuni, watu huwaoni, unaona miguu tu inapita. Mzee wa pasi ndiye anayenifundisha. Anasema mikao mitatu inamtosha mtu umri wake wote, nyimbo zinazoenea humo hazihesabiki. Kazi ni kuhama mkao mmoja kwenda mwingine bila kusimama. Mimi nikihama nasimama, na wimbo unanisubiri kama mgeni mlangoni.

Juzi nakunja shuka, nikasikia mluzi wa marehemu baba, ule aliokuwa akiupiga akikata kona kurudi nyumbani. Ulitoka kwenye mvuke, Mama, sikuota. Nikakimbilia gitaa. Mwanzo upo, katikati pamepotea. Wewe unaukumbuka? Nitumie.

Na ile ahadi ya harusi, tafadhali irudishe.

Binti yako


Tarehe 17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku wazima. Kaka yako anaapa hajanenepa, lakini suti yake naishona mimi, nani wa kumdanganya?

Ahadi sirudishi. Kitambaa nikishakikata nimekikata.

Ila huo mluzi umenipa mtihani. Mdomo wangu haujui kupiga mluzi, na shule niliyosoma haikufika kwenye kuandika muziki. Nikakaa kibarazani, nikafumba macho. Jua lilikuwa linashuka. Baba yako akakata kona, viatu vina vumbi, nikausikia mluzi wote tangu mwanzo mpaka anapogusa kitasa. Nilipofumbua macho, mkono ulishashika sindano.

Nakutumia utepe huu. Mshono mrefu ni sauti ndefu, mfupi ni fupi. Uzi ukipanda, sauti imepanda. Pale palipoachwa wazi, alikuwa anavuta pumzi. Hakuna fundi aliyewahi kushona kitu kama hiki, muulize yeyote.

Mama yako,
fundi


Tarehe 2 Juni

Mama,

Shikamoo. Utepe niliufunga kwenye shingo ya gitaa nikaufuata kwa macho, mshono baada ya mshono. Mama, baba alipita katikati ya mashuka. Mzee wa pasi alisimamisha pasi hewani mpaka nilipomaliza.

Mluzi wote unaenea kwenye mikao mitatu. Na sasa nikihama sisimami.

Lakini ruhusa nimenyimwa. Nimeomba mara mbili. Harusi itanipita. Mwambie shangazi alisema kweli, wanicheke mimi, si wewe.

Utepe nakurudishia, ukae nyumbani siku hiyo kwa niaba yangu. Nimeufunga mafundo ya nyuzi za rangi pale ninapohama: jekundu mkao wa kwanza, bluu wa pili, njano wa tatu. Nimeuchora pia mkono wangu wa kushoto mara tatu, kila kidole na uzi wake wa gitaa, ili uone tu ninachokifanya huku.

Binti yako


Tarehe 25 Julai

Mama,

Shikamoo. Ulipata barua yangu? Umekasirika? Hata salamu hakuna. Niandikie japo mstari mmoja.

Binti yako


Tarehe 18 Agosti

Mwanangu kipenzi,

Marahaba zako zote nimekuwekea, hakuna iliyopotea. Kukasirika? Nilikuwa na kazi.

Jirani yetu seremala alikuwa na gitaa limetundikwa ukutani, mapambo tu. Nikaliazima. Michoro yako nikaibandika mbele ya cherehani. Mkao wa kwanza nikauona mwepesi, kama kushika mkasi. Wa pili ukanitoa jasho. Wa tatu ulinitoa machozi, mwanangu, na vidole vyangu vilivyozoea sindano! Mteja mmoja kapokea suruali, mguu huu mrefu, ule mfupi. Nilimwambia ndiyo mtindo.

Siku ya harusi, watu wameshakula, shangazi yako akapaza sauti: "Wifi, mpiga gitaa yuko wapi?" Nikaingia chumbani, nikatoka nalo. Utepe nikautandaza gotini.

Nilikosea mara mbili. Kwenye fundo la njano nikasimama kabisa, watu wakaanza kuguna. Nikaendelea. Nikafika pale palipoachwa wazi, nikanyamaza ili baba yako avute pumzi. Ndipo nikasikia mluzi nyuma yangu. Shangazi yako! Kafumba macho, anaupiga mluzi wa kaka yake, machozi mpaka kidevuni. Nikamfuata kwa gitaa, tukaenda naye hadi mwisho.

Na bwana harusi wetu, na suti yake yote, akageuka kutazama mlangoni.

Baadaye shangazi akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia, si nilikwambia mwanangu atapiga? Vidole tu ndivyo vyangu.

Utepe umo ndani ya barua hii. Fundo la njano nimelisogeza mshono mmoja nyuma, ulikuwa unahama umechelewa. Ukija tutapiga wawili, nimeshawatangazia wote. Usiniambie nirudishe.

Mama yako,
mama wa mpiga gitaa, na mwenyewe mpiga gitaa