Mgomba Uliochipua Kaburini kwa Deo

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika, ikaanza tena, na Kitendaguro yote imelowa chapachapa. Mimi pia nimelowa. Sijabadilisha nguo na sina hamu ya kubadilisha.

Mliozoea kuja hapa kusoma jinsi nilivyozungushia ukuta mchicha na kupandisha vanila kwenye mparachichi badala ya kupanda maua ya kuangaliwa tu, leo sina hayo. Leo nimeng'oa.

Ngoja nieleze polepole, maana nikikurupuka hata mimi mwenyewe sitaelewa nikija kusoma.

Kaka yangu Deo alikwenda kuvua kisiwani Goziba. Mtumbwi ulipinduka, wenzake wakaokolewa, yeye ziwa halikumrudisha. Tulisubiri mpaka wazee wa ukoo wakasema inatosha, azikwe. Kwetu asiyeonekana hazikwi hivihivi shimo likiwa tupu. Linawekwa shina la mgomba mahali pake, linavikwa sanda, katekista anasali kama kawaida, na watu wanalia kama kawaida.

Kosa lilitokea kwa waliotumwa kuleta shina. Walipaswa kulikata. Wao, kwa machozi na haraka, wakaling'oa zima na kitako chake na mizizi yake. Kaburi lenyewe lilikuwa fupi kwa sababu chini kuna mwamba. Masika yakaja. Siku moja Mawe, ndivyo tunavyomwita mama yetu, akaenda kufagia kaburi akakuta jani la kijani limejikunja, limetoka katikati ya udongo.

Wazee walisema ling'olewe. Mawe akasema atakayeligusa aanze kumzika yeye.

Basi mgomba ukakua, ukazaa watoto. Mawe aliuwekea nyasi na kuukatia majani makavu kwa muhoro wake, ule mundu wa migomba ambao haumtoki mkononi, anatembea nao kama wengine wanavyotembea na mkoba. Asubuhi alikuwa anauhadithia habari za nyumbani: nani kaposwa, nani anaumwa, kuku gani kaliwa na kicheche. Mkungu ukikomaa haukuliwa na mtu. Uliozea hapohapo.

Wiki iliyopita majani yake yakaanza kugeuka njano na kulegea. Ndizi changa, nyembamba kama vidole, zikaanza kuiva. Nilipasua moja, ndani kahawia tupu. Mtu wa Kagera hahitaji kuambiwa. Huo ni mnyauko, na hauna dawa. Ukiingia shina moja unang'oa lote pamoja na watoto wake, unalifukia, la sivyo ugonjwa unahamia shina linalofuata, mpaka kibanja chote cha migomba kinabaki uwanja wa mpira.

Na kibanja hiki ndicho kinachotulisha. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, zinaizunguka nyumba, maharage yako katikati ya migomba, mibuni pembeni, magimbi pale maji ya bafuni yanapopita. Tangu baba wa watoto wangu ahamie kwa mwingine, cherehani yangu inasomesha na kibanja kinalisha. Kikifa, sijui tutakula nini. Nasema kweli, sijui.

Mawe alikataa. Aliweka kigoda chake pale kaburini akakaa.

"Deo amezama mara moja," akaniambia. "Hazami tena."

Nilimjibu vibaya. Nikamwambia, Mawe, huyo siyo Deo, huo ni mgomba! Mimi nilikwenda kulia jikoni, halafu nikapika.

Jana mgomba wa nyuma ya jiko, unaotuzalia kuliko yote, umetoa jani la njano. Nadhani Mawe aliliona kabla yangu, maana leo asubuhi nimemkuta amesimama kwenye mvua, amekumbatia kitenge kipya alichokuwa amekiweka kwa ajili ya Krismasi.

"Chimba," akasema. "Lakini mtamzika upya. Sitaki atupwe."

Bwana shamba wa kata, niliyempigia simu jana, alikuwa ameshafika. Alivua kofia ya koti lake la mvua, akamsalimu Mawe kwa Kihaya, akasema kuzika ni lazima hata hivyo, ndiyo kazi yenyewe iliyomleta. Nilimshukuru moyoni kwa kutocheka.

Nimechimba mimi. Kitako kiling'ang'ania mwamba nikakivuta mpaka kiuno kikalia. Sanda ilikuwa imeoza, zimebaki nyuzi kwenye mizizi. Nilipolikata shina ule usaha wa njano ukatoka, taratibu, na Mawe amesimama palepale anaangalia. Nilimkasirikia Deo. Nilimkasirikia kwa sauti. Nikamwambia, wewe ulishindwa nini kuwa fundi baiskeli kama wenzako, ona sasa tunakuzika mara ya pili!

Mawe hakunikataza.

Alikusanya vipande mwenyewe, akavifunga kwenye kitenge, fundo kila upande. Tukavishusha kwenye shimo jipya, refu kuliko la kwanza. Akapiga magoti kwenye tope akasali Salamu Maria, moja tu. Halafu tukang'oa na ule wa nyuma ya jiko. Huo hatukuusalia.

Nilidhani tumemaliza.

Bwana shamba alichukua muhoro wa Mawe, akawa anaupitisha kwenye moto jikoni. Akatueleza kwamba chuma ndicho kinachosambaza ugonjwa: unakata mgonjwa, unakwenda kukata mzima. Kisha akauliza, bila neno baya lolote, "Mama, huu umekata wapi kwingine?"

Mawe akaanza kukamua ncha ya kanga yake, maji yakamdondokea miguuni.

"Muleba," akasema.

Jamani, sikujua. Mwaka juzi alimchimbia Adelina, mjane wa Deo, chipukizi la pale kaburini, akampa kwenye mfuko wa sandarusi akalipande nyumbani kwake Muleba, ili mtoto wa Deo ale walau kitu cha baba yake. Wakakubaliana mimi nisiambiwe, kwa kuwa nina mdomo. Na Pasaka hii Mawe alipokwenda kuwaona, aliona mgomba umechoka na majani makavu. Akausafisha. Kisha akasafisha na mingine yote ya Adelina, kwa sababu yeye hawezi kukaa kwa mtu mikono mitupu.

Nimepiga simu mikono ikiwa na tope. Adelina alipokea anacheka.

"Wifi! Hata mimi nilitaka kukupigia. Mgomba wa Deo umezaa! Ndizi bado ndogondogo lakini zimeshaanza kuiva, mapema namna hii! Mwanao anasema baba yake ana haraka."

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Mawe alisikia kila neno. Alikaa chini, pale mlangoni, akafunika uso kwa ile kanga iliyolowa.

Nilifungua mdomo nimwambie ang'oe. Nikashindwa. Nimeng'oa siku nzima, lakini hilo neno moja halikutoka. Nikasema tu usikate kitu, Adelina, panga lako usimwazime mtu, nakuja kesho na basi la kwanza. Jembe nimeshaliweka kwenye gunia, lipo hapa mlangoni.

Amefurahi. Amesema niwahi, ataweka maharage jikoni mapema, tule ndizi za Deo pamoja.