Presha Ishuke Kwanza

Tarehe 3 Februari

Kitinda wangu,

Salamu kwako na kwa wifi. Mimi sijambo, ukiondoa magoti. Hofu ni kwako na hiyo damu yako inayofuliwa mashineni kama shuka. Naandika kwa sababu simu unaikata kila nikitaja neno figo. Barua utaikataje? Ukiichana nitaandika nyingine.

Basi sikiliza. Nimepimwa, na damu yangu na yako zinapatana. Figo yangu moja ni yako. Ila daktari alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema, "Mama, kwa presha hii na uzito huu, hakuna mpasuaji atakayekugusa. Presha ishuke kwanza, mwili upungue, urudi mwezi wa sita." Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, tangu usichana nimekalia kigoda kimoja, mwili huu nimeupata kazini. Akasema nitembee. Nikamwonyesha magoti. Akasema basi baiskeli, haiyachoshi magoti.

Baiskeli! Mimi! Ulipokuwa unajifunza wewe, mimi nilikuwa nakushonea viraka vya suruali. Lakini seremala jirani ameniachia baiskeli yake kuukuu, nami nitamshonea mapazia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi siku hizi kuinama kwenyewe ni mtihani. Nitainama hivyo hivyo. Wewe usikose kwenda kusafishwa damu.

Dada yako


Tarehe 19 Februari

Dada, shikamoo.

Natumai barua hii inakukuta hujavunjika mahali. Wifi yako anakusalimu. Sisi tupo, hilo ndilo neno tunaloweza kusema.

Sitaki figo yako. Nilisema kwa simu hukusikia, sasa nasema kwa maandishi. Mama alipofariki ulinilea, ukanisomesha kwa sindano na uzi, leo unataka upasuliwe ubavu pia? Bakiza kitu, dada. Mtu hamli nduguye mpaka mfupa.

Uchovu wangu huujui, wala sikulaumu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wakishanichomoa sindano narudi nyumbani nikiegemea ukuta wa kila nyumba, nalala na viatu. Kesho yake najikongoja hadi kibandani kuchora mabango. Nachora herufi mbili, brashi inakuwa nzito kama nyundo, naweka chini. Keshokutwa ni mashine tena.

Hata hivyo niambie, hiyo baiskeli ilikubali kukubeba? Wifi yako alipoisoma barua yako alicheka mpaka akakaa chini, na sikuwa nimemsikia akicheka siku nyingi.

Mdogo wako


Tarehe 10 Machi

Marahaba, Kitinda.

Hujambo? Unakula? Usinijibu "kidogo", hicho kidogo chako nakijua.

Baiskeli ilikubali kunibeba, ni mimi niliyekataa kubebwa. Nimeanguka, na nitakueleza nilivyoanguka ili wifi apate kucheka tena. Cherehani ukitaka isimame unafanyaje? Unaweka kiganja cha kulia juu ya gurudumu la pembeni, unalikamata, sindano inatulia. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, mkono unakwenda wenyewe kabla ya akili. Sasa niko kiwanjani nyuma ya shule, seremala amenishikia kiti kwa nyuma, mara akaniachia, akapiga kelele, "Breki, fundi, breki!" Nami nikaachia usukani, nikanyoosha mkono wa kulia kutafuta gurudumu langu. Halikuwepo. Palikuwa na hewa, halafu pakawa na ardhi.

Seremala akauliza, "Fundi, unataka kushona barabara?" Watoto wakasikia, na wewe watoto unawajua. Mtaa mzima sasa unaniita Mshona Barabara. Kosa hilo hilo nimelirudia wiki nzima, kiwiko kimebaki bila ngozi. Jana nikaufunga mkono wa kulia kwenye usukani kwa kipande cha bitana. Nimezunguka kiwanja bila kuanguka, ila kushuka ndiko kulinishinda. Ikabidi seremala aje kunifungua kama mbuzi.

Umesema nibakize kitu. Figo ziko mbili, nikitoa moja nimebakiza moja. Hesabu gani hapo inakushinda? Nijibu.

Dada yako


Tarehe 28 Aprili

Kitinda,

Hukujibu. Aliyenipigia ni wifi, kajificha uani, anasema kwa kunong'ona kwamba umeacha kwenda mashineni, umelala unatazama dari. Ati umechoka.

Leo sina salamu. Nimekasirika. Mimi pia nimechoka! Kutwa nashona mpaka macho yanatoa maji, jioni wenzangu wakinyoosha miguu mimi napanda hilo dude, naendesha hadi darajani na kurudi, mapaja yanawaka moto, watoto nyuma yangu wanapiga makofi. Siipendi baiskeli, Kitinda. Naichukia. Naipanda kwa ajili yako. Na presha inashuka, nesi mwenyewe kashangaa, na magauni yangu nimeyapunguza kiunoni. Halafu wewe unalala! Hiyo figo nitampa nani, dari?

Siku hizi presha yangu unaipandisha wewe, uzito umeshajiuzulu. Inuka uende. Jikaze kisabuni. Mwezi wa sita uko mlangoni.

Dada yako


Tarehe 6 Mei

Dada, shikamoo. Pole kwa kiwiko, na pole kwa kunibeba mimi, maana ndiyo kazi niliyokupa.

Nimekwenda. Walinigombeza, mwili ulikuwa umejaa maji mpaka vidole havikunjiki. Nisamehe. Sikutaka kufa, nilitaka kupumzika tu, na kwangu siku hizi mambo hayo mawili yamekaribiana sana.

Sasa nikwambie kweli. Naitaka. Naitaka figo yako, dada. Nilikuwa nakataa kwa sababu naogopa kutamani kitu nisije nikakikosa. Jana nimemwambia wifi yako kwamba mwakani nitapanda ngazi tena nichore ukuta mzima, kuanzia juu hadi chini. Nimesema kwa sauti, hata jirani alisikia. Umeniharibu. Nilikuwa nimeshazoea kutokuwa na tamaa.

Endesha.

Mdogo wako


Tarehe 30 Juni

Kitinda wangu,

Sijui nianzie wapi, nimeshaanza na kuchana mara kadhaa. Salamu kwako na kwa wifi. Naomba ukae chini.

Presha imeshuka. Mwili umepungua, daktari alinipa mkono. Nilifika pale kwa baiskeli, peke yangu, mkono haujafungwa. Kisha wakafanya vipimo vya mwisho. Wakaninywesha maji ya sukari, wakanitoa damu, nikakaa, wakanitoa tena. Daktari akafunga mlango. Nina kisukari, Kitinda. Kinaonekana kilianza kitambo, kimya kimya. Anasema mwenye kisukari hatoi figo, zote mbili atazihitaji mwenyewe. Nikamwomba. Nilimpigia magoti, magoti haya haya mabovu. Akaniinua, akasema asingekubali hata kama ningekuwa mama yake mzazi.

Nimekutia tamaa, sasa sina cha kukupa. Baiskeli sijaigusa tangu siku ile, imelala uani inanyeshewa. Nipande niende wapi? Nilipanga kuja kwenu mwisho wa mwezi ujao, siji tena. Nije na nini? Nitakutazamaje usoni?

Nisamehe, mwanangu.

Dada yako


Tarehe 9 Julai

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mlangoni, nimesimama, hukumbuki kwamba mimi sisikii nikiambiwa nikae. Nililia mpaka wifi yako akadhani umekufa. Nilipomweleza, akalia na yeye. Sitakudanganya, imeniuma. Inaniuma hata sasa ninavyoandika.

Kisha saa ya mashine ikafika. Wifi yako aliniangalia. Nikavaa viatu nikaenda. Nikanyoosha mkono, wakanichoma, damu ikatoka na kurudi. Nimerudi nimechoka kama siku zote, na keshokutwa nitakwenda tena. Daktari ameniweka kwenye foleni ya wanaosubiri figo ya mtu mwingine. Ni ndefu. Nitasubiri.

Lakini wewe usiniongezee mzigo. Hicho kisukari nakijua, dada. Wengi ninaolala nao mashineni, hicho ndicho kilichowaleta, na kwao pia kilianza kimya kimya. Kitanda cha pembeni yangu kuna mama wa rika lako. Leo alipokuwa anachomwa nilimtazama nikaona mikono yako. Sitaki siku moja nigeuze kichwa nikukute wewe pale. Baiskeli ulisema ni kwa ajili yangu. Basi iendelee kuwa kwa ajili yangu. Itoe mvuani, cheni uipake mafuta, upande.

Na umeuliza uje na nini. Tangu tumzike mama hujawahi kuingia kwangu bila kubeba kitu, na mimi sijawahi kukwambia usibebe. Sasa nakwambia. Mwisho wa mwezi njoo, mikono mitupu, ukae kitandani kwangu tutazame dari wote wawili. Nimekukumbuka wewe, dada. Figo yako sijawahi kuongea nayo.

Mdogo wako