Folda ya Stella

Jumatatu, 2 Juni
Kopi tangu asubuhi. Wino umeisha saa nne. Wifi yake Stella, rafiki yangu mwalimu, kaja kuchukua kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa Stella. Stella mwenyewe yuko darasani. Ninayo. Nyaraka za mtaa mzima wa Mkuyuni ziko kwenye kompyuta yangu, kila mteja na folda yake, maana watu wanapoteza vyeti halafu wanakuja kunililia. Nikafungua folda ya Stella, nikamgeuzia wifi kioo achague.

Jumanne, 3 Juni
Mjinga mimi. Mle ndani kulikuwa na barua ya Stella ya kuomba uhamisho kwenda Sengerema. Niliichapa mwenyewe. Alitaka jibu litoke kwanza ndipo amwambie mumewe. Wifi kaiona jana, kafikisha habari nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Stella kapita dukani bila salamu. Miaka tisa ya urafiki. Nimelia nyuma ya mashine ya kopi.

Alhamisi, 5 Juni
Wakili wa ofisi ya jirani kaleta hukumu nitoe kopi tano. Huwa sisomi za watu. Hii nimesoma. Kampuni ilitunza rekodi za simu za wateja miaka na miaka. Mahakama imesema taarifa za mtu ni zake, zisikae kwa mwingine kupita haja iliyozileta. Kampuni ilijitetea kwamba ilikuwa na nia njema. Haikusaidia.

Na mimi je? Hakuna aliyeniomba nitunze kitu. Nilijiona mwema tu.

Jumamosi, 7 Juni
Nafuta. Nawapigia mmoja mmoja: njoo na flashi, chukua chako. Mzee wa cherehani kagoma, ati mimi ndiye kabati lake. Nampenda yule mzee. Nimemchapia vyote, nikamtilia kwenye bahasha, nikafuta.

Stella hapokei. Folda yake sijaigusa. Nimemwandikia: nimekukosea, njoo ufute mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni
Stella kaja saa kumi, chaki bado mikononi. Kasema mumewe alinuna siku tatu, kisha akauliza kivuko cha mwisho cha kwenda Sengerema kinaondoka saa ngapi. Nimempisha kiti. Kafuta moja moja, hana haraka, mimi nimesimama kama mshtakiwa. Ikabaki picha yetu wawili siku nilipofungua duka, bango limepinda nyuma yetu. Kaitazama sana.

"Hii nakuruhusu uitunze," akasema.

Kisha akaomba chai. Nimechemsha.