Kura Zilipita Tukiwa Matangani

Mdogo wangu Amani,

Baba amenituma nikuandikie. Ndiyo, Baba huyuhuyu aliyekuwa akisema kuwaandikia marehemu ni mambo ya watu waliosoma wakapitiliza. Amekaa hapa jikoni, ananiuliza kila mara kama nimeanza. Nimemwambia nimeanza. Ila lile aliloniagiza limenishinda kuliweka mbele, kwa hiyo nivumilie nizunguke kidogo.

Nimeikumbuka siku uliyokula kiapo cha uraia. Mimi na watoto tulikuwa ndio kwanza tumefika hapa Kentucky kutoka kambi ya wakimbizi, hata jiko la umeme nilikuwa naliogopa. Ulivaa koti la Baba likakupwaya mabegani, ukatembea kama bwana harusi. Na ulipopiga kura mara ya kwanza, ulikibandika kile kistika chao cha "nimepiga kura" kwenye kizibao chako cha kazini na kukaa nacho mpaka kikachakaa. Nikakutania kwamba karibu utakitolea mahari. Hukucheka. Uliniambia, kwa lile jina letu la dada mkubwa, "Yaya, sasa kuko mutu anapashwa kunijibu."

Sikukuelewa. Kwangu mimi serikali ilikuwa ni watu wanaokufukuza au wanaokupangisha foleni. Wewe ulishamjua mbunge wetu wa bunge la jimbo kwa jina, ukawa unamwandikia kuhusu ile barabara ya maghala. Ulilalamika kwamba ukishuka basi jioni lazima uvuke magari yanayokimbia ndipo ufike zamu, na hakuna taa wala kivuko, hata pa kuweka mguu pembeni hakuna. Jioni moja ukaivuka usifike. Dereva alisema hakukuona. Kinachoniuma mpaka leo, Amani, ni kwamba namwamini.

Hukumwona mbunge wako alipokuja kwenye matanga yako. Alikuwa mzungu mzee, suruali imeshikwa na mikanda ya mabegani, na Baba akampa jina papo hapo: Muzee wa Bretelle. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akakaa chini kwenye zulia pamoja na wanaume, akala bugali kwa mkono, sombe, kisamvu chetu, ikamchuruzika hadi kwenye shati. Binti yangu Neema akawa anamtafsiria Baba. Mzee akaeleza kwamba barabara ile si ya mji, ni ya jimbo, na fedha zake hupangwa bungeni. Akasema atakaa na jambo hilo mpaka taa ziwake. Wengine tulidhani ni maneno ya msibani, lakini alirudi na watu wa kupima, tukawaona kwa macho yetu wakipiga rangi pembeni ya lami.

Kisha akafa. Moyo tu, asubuhi moja, nyumbani kwake.

Baba alimlilia kama mkwe. Alisimama kanisani akatangaza kwamba mtu aliyekaa chini kwenye matanga yetu, nasi tutakaa chini kwenye yake. Picha yake ikawekwa sebuleni kwetu, kina mama wakawa wanakuja kuimba jioni, na siku ya kumaliza matanga ikapangwa, Jumamosi, mjane akaalikwa. Niliona fahari. Nilijisemea kwamba hapo watu wetu wameonyesha ubinadamu wao.

Ndipo tukasikia kuna uchaguzi mdogo wa kujaza kile kiti, na siku yake ni Jumanne, kabla ya Jumamosi ile ile.

Mwalimu mmoja mstaafu akaja nyumbani. Alikuwa amefanya kazi na marehemu, habari ya barabara aliijua yote, hata jina lako alilitamka vizuri. Alikuwa akigombea. Baba alimpokea kwa heshima, akampa kiti kizuri na Fanta baridi, na yule mama alipofungua mdomo kuhusu kura, Baba akainua mkono. Akamwambia Neema atafsiri neno kwa neno: "Bon, mutu hata matanga yake haiyaisha, na nyinyi munaanza kuulizana nani ataikala kwenye kiti yake?" Yule mama alikunywa Fanta yake mpaka mwisho, akaomba radhi, akaondoka. Nilimfuata hadi kwenye gari nikamfungulia mlango, Kiingereza changu kikaishia hapo.

Unamjua Baba. Wazee wote wanaangalia yeye kageuza uso wapi. Nilimweleza kwamba hapa kiti hakingoji, siku ikishatajwa imetajwa. Akanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba mimi bado sijala kiapo. Na ni kweli. Yeye alikuwa na kura, mimi nilikuwa na mdomo. Shangazi Debora akapiga simu kutoka Buffalo, unajua anavyopiga kelele kama anataka sauti ifike bila simu. Alisema hata kule mtaani kwao East Side walishafanya uchaguzi wa namna hiyo, na alipoingia kupiga kura alikuta karatasi nyingi kuliko watu. Watu kumi wanaweza kuugeuza, alisema, nenda, kaka yangu.

Baba akakaribia kulegea. Lakini binamu yetu Eliya, yule anayesoma Columbus, naye akapiga, na kwa bahati mbaya akasema ukweli wa kwao. Kule Ohio, mbunge wa jimbo akifa wananchi hawapigi kura: wenzake wa chama kilekile mle bungeni wanakaa, wanachagua wa kumrithi. Eliya alitaka tu kumwonyesha Baba jinsi tulivyo na bahati huku Kentucky. Baba akasikia jingine kabisa. Akapiga paja lake akasema hata Wazungu wanajua, ni wenye kiti ndio wanaokaa na kukipanga, kama kwetu. Akawaambia wazee ile Jumanne ni ya wasio na adabu, kura ya kweli itakuja Novemba kama kawaida. Jumamosi tutamuuliza mjane amemwachia nani kazi, na huyo ndiye tutakayemchagua sote.

Jumanne nilikuwa na zamu ya mchana. Nilirudi vituo vya kura vimekaribia kufungwa, nikakuta sebule imejaa, wanaimba mbele ya ile picha. Karibu wote waliokuwa mle ndani ni raia. Nilisimama mlangoni na begi langu, nikawatazama wakiimba vizuri ajabu, nikatamani kuzima ule wimbo kama mtu anavyozima redio. Saa kumi na mbili, saa ya kufunga kura, ikapita.

Jumamosi mjane alikuja. Alikula, alilia, akamshika Baba mikono yote miwili. Baba akasimama, akasafisha koo, akamuuliza mbele ya watu wote kazi ya marehemu ameachiwa nani. Neema alitafsiri huku anaangalia chini. Mjane akatukodolea macho, akauliza taratibu, "Kwani Jumanne hamkwenda?" Neema hakuwa na haja ya kututafsiria, uso wa mjane ulitosha. Mwalimu alikuwa ameshindwa kwa kura chache kuliko watu wanaoimba kwaya yetu.

Aliyeshinda si mtu mbaya, nasema kwa haki. Ila yeye hatujui sisi. Nilimpigia simu, kijana wa ofisini kwake akaniuliza naishi wapi, akashukuru. Orodha ya barabara za kutengenezwa ilipopitishwa, yetu haikuwemo. Ile rangi ya wapimaji imefutika. Kiti chenyewe kitapigiwa kura tena Novemba hii, na huenda nitakuwa nimekula kiapo, au nitakuwa bado naambiwa nisubiri tarehe. Sina ninachoweza kukisukuma, Amani. Nikimkasirikia Baba namwona amekonda, hasira inakosa pa kukaa. Wazee hawamlaumu, na hilo ndilo linalomla zaidi.

Sasa lile aliloniagiza kwako, leki yangu, mdogo wangu. Amesema hivi, nami nalinakili kama lilivyotoka kinywani mwake: "Umwambie leki yako nilikuwa na kura, donc ningeweza, na sikuenda." Nilimuuliza kama niongeze kwamba alifanya kwa heshima. Akakataa.

Kuna moja hakuniagiza, nalisema mwenyewe. Neema amemaliza shule, ameajiriwa kwenye ghala lilelile ulilokuwa wewe, zamu ya jioni. Nilimwomba atafute kwingine, akanijibu kwa Kiingereza kwamba kwingine hawajamjibu, na kwamba anaangalia kulia na kushoto. Basi mimi na Baba tunapanda naye basi hadi kituoni. Ng'ambo hataki tumfikishe, anaona haya mbele ya wenzake. Anatuachia mikono, anashuka kwenye lami, na sisi tunabaki kituoni, kila mmoja anasikiliza magari.

Niishie hapa, Neema ameshavaa viatu, anatuita.

Yaya wako