Sauti Niliyoituma Kotile

Jumatano, Galbet. Mawingu yametanda tangu alfajiri, lakini mvua haijarudi.

Kwa muda mrefu nimejiuliza: ninapokanusha uvumi, je, ninawajibika kuitaja chembe ya ukweli iliyomo ndani yake?

Wiki tatu zilizopita, homa ya Bonde la Ufa ilipoanza kutajwa Ijara, sauti moja ilisambazwa katika kikundi cha familia yetu kwenye simu: chanjo ya mifugo ni sumu, inaharibu mimba za mbuzi. Nilijibu kwa neno moja tu.

Uongo.

Nilikuwa nimesoma kwamba baadhi ya chanjo za ugonjwa huu hazifai kwa mnyama mwenye mimba. Nililinyamazia hilo. Niliogopa kuwachanganya watu.

Shangazi yangu wa Kotile aliniamini, akawachanjisha mbuzi wake wote. Watatu wakatupa mimba, naye akawahudumia kwa mikono mitupu. Nilipompigia kumsihi avae glavu na achemshe maziwa, maana homa hii humwambukiza mtu kwa damu na maziwa mabichi, alinijibu kwa utulivu ulionichoma kuliko matusi: "Eedo, si ulisema waongo ni wao?" Eedo, ndivyo shangazi na mpwa tunavyoitana kwetu.

Jana nilirekodi sauti yangu, nikamtumia. Nilikiri nilichokificha, kisha nikaeleza kwamba homa yenyewe huharibu mimba na huua hata watu. Kwa hiyo chanjo bado inahitajika, ila wanyama wenye mimba watengwe wasichanjwe.

Shangazi alijibu kabla ya adhuhuri. "Hilo ungelisema mwanzo, ningewafungia wenye mimba zizini. Glavu niletee. Maziwa ya chai nitachemsha. Ya ngamia usiyaguse, eedo, hayo tunayanywa mabichi, tuachie wenyewe."

Nilicheka peke yangu, nikadhani nimemaliza.

Leo binamu yangu wa Masalani amenirushia sauti yangu mwenyewe, aliyoipata kwa jirani. Imekatwa. Imebaki sehemu ya kukiri tu, na chini yake pameandikwa: "Hata msomi wao amekubali." Anasema wafugaji wawili wamehamisha mifugo yao kabla wachanjaji hawajafika.

Sijui kama mbuzi wale walidhuriwa na chanjo au walikuwa wameshaambukizwa. Hakuna aliyechukua sampuli, na vijusi vilishazikwa. Wala sijui kama ukweli wangu umeokoa zaidi ya ulivyoharibu. Mikono ya shangazi nitaiona Ijumaa, nikimpelekea glavu. Ya wale waliohama sitaiona.