Akiba Chini ya Mawe

Greenland, Mei 1909

Dada Dagny,

Soksi ulizonifumia bado nzima, na yule mbwa wetu jike amezaa wanne.

Mumeo hakuuawa na dhoruba kama nilivyokuandikia. Tulipopoteana barafuni nilidhani Anker ametangulia, nikafukua akiba ya msafara chini ya mawe, nikawapa mbwa nyama yote. Ujarak, mwenyeji anayetuendeshea mbwa, akanifokea, "Na aliye nyuma ale theluji?" Nikamcheka.

Baridi ilipopungua tulimkuta Anker amekufa kando ya akiba ile ile. Mawe alikuwa ameyapanga upya, kama ilivyo desturi yetu ya kumwachia aliye nyuma. Chini ya mawe hayo aliacha biskuti moja na karatasi: "Shemeji, kama uko nyuma yangu, kula."

Dada, niliila.

Usinifumie soksi tena.

Mdogo wako,
Thorvald